Malishoni

Kwenye ramani ya wanajeshi kilikuwa namba tu, mia moja na mbili,
kimo chake kwa mita kutoka usawa wa bahari
ambayo mtaani kwetu hakuna aliyepata kuiona.
Nyanya yangu Kapitolina hakujua hizo mita.
Yeye alikiita Malishoni,
maana hapo alimchunga Zorka, mbuzi wa mama yake,
na hapo, Aprili ikiisha, tulipani za nyikani zikichanua,
fupi, nyekundu, kama vidole vilivyochomwa sindano,
Yefim wa kiwanda cha matrekta alimwomba maji
wala hakuwa na kiu.

Vuli ile, na baridi yote iliyofuata, theluji haikutua.
Ilianguka ikayeyuka, ikaanguka ikayeyuka.
Kutoka ng'ambo ya Volga watu walikitazama:
kila kitu cheupe, kilima cheusi.

Kisha barafu ya mto ikapasuka, mji ukachipua,
hata kwenye majivu ya shule kukaota magugu.
Kilimani, hata unyasi.
Nyanya alipiga magoti akachota konzi moja,
akaipepeta kama mchele:
chuma kilishinda udongo.
Yefim alikuwa humo.
Mtu unamtafutaje ndani ya konzi?

Miaka ikapita ndipo serikali ikapanda na malori,
zege, ngazi mia mbili, udongo wa kuletwa,
na yule mwanamke mwenye upanga
ambaye kunguru humzunguka kiunoni, hawamfiki bega.
Nyanya akapewa glavu, fyekeo, na mshahara mdogo wa kufyeka majani.
Kufyeka! Alicheka hadi akakaa chini.
Yeye aliyeyangoja majani yale kama mtoto wa kwanza.

Kila theluji ikiondoka, kilima hutema.
Sisi wajukuu tulifunga sumaku kwenye uzi,
tukaiburura mtelemkoni ikarudi na miba, nungunungu mtupu.
Tulishindana nani ana nungunungu mnene.
Hakutukataza kucheka.
Alisema tu, *rudisheni*,
nasi tukavichomoa kimoja kimoja, tukavifukia.

Siku ya gwaride alibaki nyumbani akimenya viazi.
Keshoye, alfajiri, alipanda na toroli
kuzoa maua yaliyolazwa kwa hesabu shufwa, kama iwapasavyo wafu.
Tepe za mashada alizibeba bustanini, nyanya akafungia nyanya.
Ikifika Agosti unasoma herufi za dhahabu kati ya majani:
HATUTA,
na neno lililobaki limefunikwa na tunda.

Leo nafyeka mimi, kwa mashine ya petroli.
Maharusi hupanda na viatu mkononi, watalii huuliza choo kiko wapi.
Blade ikilia *ting*, nazima, nainama.
Mashine haijui kuvumilia; fyekeo lake lilijua.

Mwaka aliotimiza themanini alinunua mbuzi,
akamwita Zorka vilevile, hakutaka kufikiri sana.
Asubuhi moja, umande bado, akampandisha kwa kamba,
akapita ngazi, akapita moto usiozimika,
akamfikisha mtelemko wa mashariki.
Ravil mlinzi akapiga filimbi:
Mama! Hapa ni mahali patakatifu!
*Ndiyo maana*, akajibu, akalegeza kamba.

Ravil alitazama kushoto. Alitazama kulia.
Akavua kofia, sijui kwa ajili ya nani.
Palikuwa kimya, isipokuwa ule mlio,
kwaruu, kwaruu, wa meno yakikata majani.

Mara mbuzi akasita, akakohoa,
akatema kitu cheusi, kadiri ya ukucha.
Nyanya akakifuta kwa aproni,
akakitia mfukoni, pamoja na peremende zake.
*Kula*, akamwambia mbuzi.
*Kula, mwanangu. Kumeota.*